Mashindano ya baiskeli ya wanawake: anayesimama barabarani mara ya kwanza anaona nini?

Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, wanawake kutoka mabara yote walizunguka mji wa Kigali juu ya baiskeli kwa zaidi ya saa nne na nusu. Aliyevuka mstari wa kwanza ni Magdeleine Vallieres, binti wa Kanada mwenye miaka 24, ambaye hata wanaofuata mchezo huu kila wiki hawakumtaja kati ya wale wa kushinda. Mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalianza mwaka 1921, na hii ilikuwa mara ya kwanza kufika Afrika.

Kwa mtu wa Baraka aliyezoea mpira, mchezo huu una mambo mengi ya kushangaza. Hakuna uwanja, hakuna tiketi kwa anayesimama kando ya barabara, na mtu anaweza kungoja asubuhi nzima kwa kitu kinachopita mbele yake muda wa kupepesa macho. Basi watu wanafuata nini pale?

Kwanza tuseme juu ya baiskeli yenyewe. Kwetu Fizi baiskeli, ama kinga, ni chombo cha kazi. Inabeba makala, mihogo, samaki, mabidoni ya mawese, na kwenye mpando inasukumwa. Anayeisukuma, mara nyingi, ni mwanaume. Mama anakaa nyuma juu ya porte-bagage, ama anatembea kwa miguu na mzigo kichwani. Ndiyo maana neno “mwanamke mwendesha baiskeli wa kulipwa” linachekesha wengine kabla hawajalisikiliza vizuri. Lakini ni kazi kama kazi nyingine: mkataba, timu, kocha, mshahara. Mwaka 2020 shirikisho la dunia la mchezo huu, UCI, liliweka mshahara wa chini kwa wanawake wa timu za ngazi ya juu, euro 15.000 kwa mwaka, na tangu hapo kiasi hicho kimepanda zaidi ya mara mbili. Kabla ya hapo wengi walikimbia mashindano makubwa huku wakitafuta kazi nyingine ya kulipa nyumba. Kwa wanawake, mashindano ya dunia ya barabarani yalianza 1958, huko Reims, Ufaransa, karibu miaka arobaini baada ya yale ya kwanza ya wanaume.

Tena kuna jambo ambalo msikilizaji wa hapa hawezi kulipita. Jina Kigali, katika mwaka 2025, lilikuja na maneno mengine kabla ya baiskeli. Mwishoni mwa Januari Goma ilikuwa imeingia mikononi mwa M23, na katikati ya Februari Bukavu. Kinshasa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inawasaidia waasi hao, Rwanda inakana. Mwezi huohuo wa Februari Bunge la Ulaya liliomba mashindano yaondolewe Kigali kama Rwanda haitabadilisha msimamo. UCI ikakataa kuyahamisha. Mkataba wa Washington kati ya nchi hizi mbili ulitiwa sahihi tarehe 27 Juni, miezi mitatu kamili kabla ya siku ya mbio hizi. Kwa hiyo aliyeamua kutoangalia hata kwa simu, mtu asimwone kama asiyependa michezo. Na aliyeangalia si msaliti. Waliopanda zile baiskeli hawakuchagua mji.

Hata njia haikuwa nyepesi. Kwa kawaida mtu wa Baraka angepita Uvira, kisha Bukavu ama Bujumbura, na siku inayofuata yuko Kigali. Lakini Bukavu ilikuwa upande mwingine wa mstari wa vita, na Burundi ilifunga mpaka wake wa barabara na Rwanda tangu Januari 2024. Aliyetaka kwenda kwa barabara bila kuvuka mstari huo ilimbidi azunguke kupitia Tanzania. Ni safari ndefu kwa kuona watu wakipita.

Turudi kwenye barabara. Mbio nyingi za baiskeli zinatoka mji mmoja kwenda mwingine, na hapo mtazamaji anawaona mara moja tu. Kigali ilikuwa tofauti, na hiyo ni bahati kwa mgeni wa mchezo. Wanawake walikimbia kilomita 164,6, si kwa kwenda mbali, ila kwa kuzunguka njia moja ya karibu kilomita 15, mara 11. Mzunguko mmoja ulichukua karibu dakika 25. Hiyo inatosha kununua maji, kumuuliza jirani anayejua, na kurudi mahali pako kabla hawajatokea tena.

Urefu peke yake si ndio uliowachosha. Kilomita 164 ni karibu kama kutoka Baraka mpaka Uvira na kurudi sehemu kubwa ya njia. Kilichowaua ni vilima. Ukijumlisha mipando yote ya siku ile unapata mita 3.350. Ziwa letu Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Mtu akianzia ufukweni na kupanda kiasi hicho, angefika juu kuliko kilele chochote cha Itombwe. Na walianzia Kigali, ambako hewa tayari ni nyepesi.

Mahali pa kusimama ni kwenye mpando. Kwenye mteremko wanapita kwa kasi ya gari na utaona rangi tu. Kwenye mpando wanapunguza, unaona uso, unaona nani anafungua mdomo kutafuta hewa na nani bado anapumua kwa pua. Kigali ilikuwa na miwili katika kila mzunguko: ule wa Golf, mfupi na mkali, na ule wa Kimihurura, kilomita 1,3 za mawe yaliyopangwa, karibu na mstari wa mwisho pale Kigali Convention Centre. Mawe yanatikisa baiskeli, na mwili uliochoka unasikia kila moja.

Utajua wanakuja kabla hujawaona. Polisi wanapita kwa pikipiki na filimbi, helikopta inasikika juu, halafu magari ya waamuzi. Baada yake kimya kidogo. Kisha wao. Nyuma ya waendeshaji kuna msururu wa magari yenye baiskeli za akiba juu ya paa, na watoto wengi wanaoangalia mara ya kwanza wanashangilia hayo magari kuliko wakimbiaji.

Sasa, namna ya kusoma kinachoendelea. Anayetangulia ndiye anayekata upepo. Anayemfuata gurudumu kwa gurudumu anatumia nguvu pungufu sana. Vijana wanaosafirisha mizigo kwa kinga kando ya ziwa wataelewa upesi, maana upepo wa mchana hauna huruma na mgongo wa mwenzako ni kinga ya pili. Ndiyo sababu wakimbiaji wanakaa pamoja katika kundi kubwa, na ndiyo sababu mtu mwenye nguvu kuliko wote anaweza kushindwa: akivuta peke yake, anawabeba na wapinzani wake. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza usitafute nani yuko mbele. Tafuta nani amejificha vizuri.

Kisha kuna wanaotoroka. Wachache wanaliacha kundi, wanapata dakika moja ama zaidi, na kundi linaamua kama litawafuata. Mara nyingi wanakamatwa. Mtazamaji anahesabu: kundi dogo likipita mbele yako, angalia saa, kundi kubwa likifika, angalia tena. Mzunguko unaofuata, fanya vilevile. Kama muda unaongezeka, kuna kitu kinapikwa.

Katika mashindano ya dunia hesabu hiyo ina uzito zaidi, juu wakimbiaji hawaruhusiwi kuvaa redio za masikioni kama wanavyofanya katika mbio zao za kawaida. Wanapata habari kupitia pikipiki yenye ubao ulioandikwa muda. Basi raia aliyesimama Kimihurura na redio ndogo mkononi anaweza kujua mengi kuliko bingwa anayepita mbele yake. Jambo lingine: siku hiyo hawavai rangi za timu zinazowalipa, wanavaa za nchi zao. Wenzako wa kazi wa mwaka mzima wanageuka wapinzani kwa siku moja. Nchi zenye nguvu zinaleta kundi zima la kumsaidia mmoja. Nyingine zinaleta mmoja ama wawili wasio na wa kuwasaidia.

Afrika haikuja mikono mitupu. Kim Le Court wa Morisi, tarehe 27 Aprili 2025, alishinda Liège–Bastogne–Liège huko Ubelgiji, moja ya mbio za zamani na zenye heshima kubwa, jambo ambalo hakuna Mwafrika aliyekuwa amelifanya. Mwezi wa Julai akavaa jezi ya njano ya Tour de France ya wanawake. Wanyarwanda walikuwa na wao pia, kama Diane Ingabire, aliyewahi kuendesha katika timu ya vijana ya Canyon//SRAM ya Ulaya. Tena mwaka huo wanawake chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walichanganywa na wakubwa. Célia Gery wa Ufaransa ndiye aliyezishinda.

Na siku ya Jumamosi ilikwendaje? Wote walimwangalia Demi Vollering wa Uholanzi na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, aliyekuwa ametoka kushinda Tour de France wiki chache nyuma. Shida ni kwamba na wao waliangaliana. Kila mmoja alijua akivuta, atamfikisha mwenzake. Ni kama watu wawili mbele ya sahani ya bugali, kila mmoja anangoja mwingine asimame akachote maji ya kunawa, mpaka bugali linapoa. Wakati huo wengine, ambao hakuna aliyewaogopa sana, walikuwa wameshakwenda. Vallieres alikuwa kati yao. Katika mzunguko wa mwisho, juu ya mawe ya Kimihurura, aliwaacha Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania, akafika peke yake sekunde 23 mbele. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameshinda mbio moja tu katika maisha yake ya kulipwa. Akapewa jezi nyeupe yenye mistari mitano ya rangi, bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, na haki ya kuivaa mwaka mzima.

Aliyekuwa amesimama pale tangu asubuhi aliona pia wale walioacha. Katika njia ya namna ile wengi hawamalizi, na mgeni anaweza kufikiri wameshindwa vibaya. Si hivyo kila mara. Mwingine amemaliza nguvu zake mapema kwa kumkatia upepo dada yake wa timu, kazi yake imekwisha, anatoka.

Kwa atakayesimama siku moja kando ya mbio kama hizi, popote zitakapofanyika: usivuke barabara eti hakuna anayekuja, usinyooshe mkono na simu, mshike mtoto, na mbuzi afungwe. Wakimbiaji wanatupa vichupa vyao vya maji, navyo pia vinaitwa bidon, ingawa havijazi hata lita moja. Watoto wanavigombania kama dhahabu. Ngoja barabara ifunguliwe kabla ya kukiokota. Na usiondoke mara tu mshindi anapopita. Nyuma yake kuna wanaokuja mmoja mmoja, dakika nyingi baadaye, bila kamera, na hao ndio wanaosikia vizuri mtu akiwapigia makofi. Gari la mwisho likipita, polisi wanaondoa kamba, na pikipiki za abiria zinarudi barabarani.