Gift: Nairobi ni zawadi, Berlin ni sumu

Hapa Kenya, ukiita "Gift!" ndani ya matatu iliyojaa, usishangae mtu akiitika. Ni jina zuri, wazazi hulitoa kwa shukrani. Sasa mchukue huyo Gift, mpe pasipoti na tiketi ya Ujerumani. Afisa wa uwanja wa ndege anafungua pasipoti, anasoma jina: Sumu.

Si mzaha, wasee. Kwa Kijerumani, Gift ni sumu. Zawadi wao huiita Geschenk. Ukiona Giftnotruf, usidhani kuna mahali pa kupiga simu uletewe zawadi. Hiyo ni namba ya dharura ya mtu aliyekunywa au kula sumu. Ukienda kaskazini, Denmark, Uswidi na Norwe, neno hilohilo linabeba mizigo miwili: gift ni sumu, na pia gift ni mtu aliyeoa au kuolewa. Utani mwingine jazia mwenyewe.

Imekuwaje? Mizizi ni ileile: kitenzi cha kutoa au kupa, ambacho Mwingereza hukiita give na Mjerumani geben. Gift ni kile kilichotolewa, basi. Tofauti ikaja kwenye swali la kinatolewa nini, na kwa nani. Huko kaskazini walikuwa wanamtoa binti aolewe. Kwenye Kiingereza cha kale neno hilo lilihusu mahari, maana ya zawadi ikashika baadaye. Wajerumani nao walilitumia kwa kile anachopewa mgonjwa, wakifuata neno la Kigiriki dosis, ambalo pia maana yake ni kutoa. Ndilo lililotuletea dozi. Pole pole maana ya tiba ikafifia, ikabaki sumu.

Usiwacheke haraka. Sisi tuna dawa ya kikohozi na dawa ya panya, zote dawa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akizichanganya, tutamlaumu?

Hapa ndipo stori inakuwa serious. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kuwafungulia Wakenya njia za ajira na mafunzo kule. Vijana wengi sasa wanakesha na Kijerumani, na wengi wao wanalenga uuguzi. Ukiwa mtu wa Kiingereza cha shule, utakutana na maneno yanayokukonyezea jicho kama mabeste wa zamani. Chefarzt si daktari wa jikoni, ni daktari mkuu wa idara. Ukiambiwa umpeleke mgonjwa kwenye Ambulanz, usikimbilie nje kutafuta gari. Mara nyingi hospitalini hiyo ni kliniki ya wagonjwa wasiolazwa. Rezept ni maelezo ya kupika chakula, lakini pia ni karatasi ya daktari ya kuchukulia dawa.

Unaona ni vitu vidogo? Mwaka 1980, jimbo la Florida, Marekani, kijana mmoja alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Watu wake, wazungumzaji wa Kihispania cha Kuba, walisema yuko intoxicado. Kwao, huyo ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Wahudumu wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, intoxicated, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja kichwani. Alipooza mikono na miguu, na kesi ikaishia kwa fidia ya mamilioni ya dola. Hakuna aliyeitisha mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini umeelewa.

Hatari yenyewe iko hapo. Neno geni kabisa, kama Krankenschwester, litakufanya usimame uulize. Neno unalodhani unalijua halikupi nafasi hiyo.

Kwa hivyo kama uko darasani sasa hivi, tenga kurasa za mwisho za daftari kwa maneno yanayofanana na ya Kiingereza tu. Andika maana yake kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, ndio usitegwe tena. Na ukiwa wodini, hata kama wenzako watakuona mshamba, uliza. Swali moja la sekunde kumi halijawahi kumpooza mtu.