Je, Wajua? Mkanda Mweusi Ni Ngazi ya Mwanzo

Anayefunga mkanda mweusi wa karate kwa mara ya kwanza huitwa shodan. Kwa Kijapani, maana yake ni "ngazi ya mwanzo". Naam, mwanzo! Miaka yote ya mikanda ya rangi alikuwa akijifunza herufi. Sasa ndipo anaanza kusoma.

Ngazi za mkanda mweusi, yaani dan, hupanda kutoka 1 hadi 10. Zilizo chini yake, kyu, huhesabiwa kinyumenyume: anayeikaribia shodan yuko kyu ya 1.

Karate haikubuni mpango huu. Iliuazima kwa judo ya Kano Jigoro, aliyetoa dan za kwanza mwaka 1883. Kano naye aliutoa kwenye go, mchezo wa ubao na kete. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alitunuku dan za kwanza za karate mwaka 1924.

Cheo cha mkanda mweusi kina kazi, tena si ya kupiga watu. Senpai, yaani mkubwa, humsahihisha mgeni hatua kwa hatua, na katika kumbi nyingi za mazoezi (dojo) huinama naye kupiga deki sakafu. Na sensei, yaani mwalimu? Neno hilo lina maana ya "aliyetangulia kuzaliwa".

Utamu uko kwenye mkanda wenyewe. Ukifungwa miaka mingi, kitambaa cheusi huchanika na pamba ya ndani hujitokeza. Mkanda wa mkongwe hurudi kuwa mweupe, rangi ya mkanda aliofunga siku yake ya kwanza.