Matairi ya theluji hayafai Gusii

Mvua za masika zinapoanza katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, kila mwenye gari hujikuta akipambana na udongo. Udongo wa huko ni mwekundu na una rutuba ya kustawisha chai, ndizi na wimbi. Lakini udongo huo huo ukishiba maji hugeuka utelezi mtupu, na vilima vya Gusii havijui tambarare. Barabara ya lami inapokomea sokoni, safari ya kufika nyumbani huwa ndiyo kwanza inaanza.

Katika hali kama hiyo, kinachomtenganisha mtoto aliyeketi kiti cha nyuma na mtaro wa kando ya barabara si injini, wala si rangi ya gari. Ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Ajabu ni kwamba hicho ndicho kitu ambacho wenye magari wengi hukichagua mwisho, tena kwa haraka, na aghalabu kwa kuangalia bei peke yake.

Katika miaka ya karibuni familia nyingi zimejipatia magari makubwa yaliyoinuka kama Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na, kwa wenye uwezo zaidi, Land Cruiser Prado. Mengi ya magari hayo huletwa yakiwa yametumika Japani, kwa mujibu wa kanuni ya Kenya inayokataza gari lililozidi umri wa miaka minane. Ni magari mazuri. Lakini Japani ni nchi yenye majira ya baridi kali, na katika maeneo yake ya kaskazini theluji hulala barabarani kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo baadhi ya magari hayo hutufikia yakiwa bado yamevaa viatu vya baridi, yaani matairi ya theluji.

Matairi haya yana historia yake. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye vipini vya chuma vya kukwaruza barafu. Vipini hivyo vilichimba lami na kutimua vumbi lililowadhuru watu mijini, hata mwaka 1990 sheria ikatungwa ya kuyadhibiti. Ndipo matairi ya mpira laini yasiyo na vipini yalipotawala. Mpira wake umechanganywa ili usigande wakati hewa inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na meno yake yamechanjwa chale nyembamba nyingi zinazokamata barafu.

Sasa msomaji na ajiulize: ni lini mchana wa Kisii au Nyamira ulishuka chini ya nyuzi 7? Mawe ya mvua huanguka, na mkulima wa chai anayajua machungu yake, lakini mawe hayo huyeyuka upesi. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya barafu ukitembezwa juu ya lami yenye joto hulegea, huisha upesi kama kifutio cha mwanafunzi, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama breki inapokanyagwa.

Wako mafundi na wauzaji watakaodai kwamba matairi hayo yanashika tope vizuri. Dai hilo si uongo mtupu, kwani meno yake huwa na kina na mianya. Lakini fikiria safari nzima ya familia inayotoka Nairobi kwenda kuona wazee mwezi wa Desemba. Itapita Narok, Bomet, Kaplong na Sotik hadi Keroka, mamia ya kilomita juu ya lami, sehemu nyingine jua likiwaka, gari limejaa watu na mizigo. Tope ni la kilomita chache za mwisho. Haifai kuhatarisha safari nzima kwa sababu ya kijisehemu chake. Isitoshe, zile chale nyembamba hujaa udongo mzito, na zikijaa hazikamati kitu.

Kuyatambua matairi haya si kazi ngumu. Tazama ubavuni. Ukiona neno "STUDLESS", au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, tahadhari. Herufi M+S peke yake hazitoshi kukupa uamuzi, kwa maana huandikwa pia kwenye matairi mengi ya magari ya kwenda porini, nazo hueleza tu kwamba meno yameumbwa kukabili matope na theluji. Bonyeza meno kwa ukucha pia. Mpira wa baridi ambao haujazeeka hubonyea kwa wepesi.

Basi familia ichague nini? Kwa wanaoishi mjini, iwe Kisii, Keroka au Nyamira, na wasioiacha lami ila mara moja moja, tairi la kawaida la barabarani lenye mifereji mipana ya kupitisha maji linatosha. Kwa wanaoteremka kila siku kwenye vijia vya udongo, tairi la kati kwa kati, lile la barabara na changarawe, ndilo la busara. Meno yake ni makubwa kiasi cha kulitema tope, lakini si makubwa hata yakavuma na kuyumba juu ya lami. Tairi la tope hasa, lenye meno kama jembe, liachiwe malori na magari ya kazi. Juu ya lami iliyolowa halina mshiko wa kuaminika.

Baada ya aina, soma tarakimu. Tairi lililoandikwa 225/65R17 102H lina upana wa milimita 225. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo. Nalo huvaa rimu ya inchi 17. Nambari 102 maana yake linabeba kilo 850, na herufi H kwamba limeidhinishwa kwa mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Hiyo herufi isikushughulishe sana, kwani sheria yetu haimruhusu mwenye gari la kibinafsi kupita kilomita 110. Nambari ya mzigo ndiyo ya kuzingatiwa. Tairi la nambari 91 hubeba kilo 615 tu. Wenye kupakia watu saba na mikungu ya ndizi juu yake wafanye hesabu hiyo kabla ya kushawishika na bei nafuu.

Umri nao una uzito wake. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi laweza kuonekana jipya, meno yake yote yamo, kumbe mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi huwa ghali. Mwaka 2016 kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi, ambacho zamani kilikuwa Firestone, kilisitisha utengenezaji wa matairi. Tangu hapo soko letu limezidi kutegemea yanayotoka ng'ambo, na mnunuzi hana budi kuwa mkaguzi wake mwenyewe.

Kina cha meno kipimwe. Mataifa ya Ulaya yameweka kikomo cha chini kabisa kuwa milimita 1.6. Katika nchi yenye mvua kama za Gusii, kungoja hadi kikomo hicho ni kucheza na maisha, kwa sababu tairi lililokaribia upara haliwezi kuyasukuma maji pembeni. Gari huelea juu yake kama mtumbwi, na usukani hauna tena wa kumtii.

Tuje kwenye rimu, ambazo vijana wetu wamezifanya pambo. Rimu kubwa inayong'aa huhitaji tairi lenye ubavu mwembamba, na ubavu mwembamba haustahimili mashimo. Shimo moja laweza kulipasua tairi na kuipinda rimu kwa pigo moja. Kwa barabara zetu, rimu ndogo kidogo, almuradi breki zinaenea ndani yake, pamoja na tairi lenye ubavu mnene, ni bora kuliko urembo. Aidha, rimu haziingiliani ovyo. RAV4 na X-Trail nyingi hutumia nati tano katika duara la milimita 114.3, Forester nyingi za kabla ya 2018 zinataka milimita 100, na Prado ina nati sita katika duara la milimita 139.7. Anayelazimisha rimu isiyo ya gari lake anajitafutia msiba.

Kuna pia imani potovu kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halihitaji matairi mazuri. Mfumo huo husaidia gari kuondoka na kupanda mlima. Hausaidii hata kidogo kusimama. Isitoshe, magari hayo hutaka matairi manne yanayolingana kwa ukubwa na kwa kuchakaa. Ukichanganya mawili mapya na mawili mazee, gia za kugawa nguvu hulazimika kufanya kazi zisizo zake, na gharama ya kuzitengeneza hupita ile ya seti nzima ya matairi.

Hapana shaka matairi mapya ni mzigo kwa mfuko wa mwalimu au mkulima wa majani chai. Kwa sababu hiyo wauzaji wa magari wana wajibu wa kumwambia mnunuzi, kabla ya kupokea fedha zake, kwamba gari limevaa matairi ya baridi, na kumpunguzia bei ili aweze kuyabadilisha. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira nazo zisidhani kwamba jambo hili haliwahusu. Kila barabara ya kijijini inayowekwa changarawe na kuchimbiwa mitaro ipasavyo humpunguzia mwananchi gharama ya matairi, na humfikisha mama mjamzito hospitalini kabla ya kuchelewa.

Lakini wajibu wa kwanza ni wa mwenye gari. Kabla masika hayajaingia na kabla ya safari za Desemba, ainame na kuyasoma matairi yake, bila kulisahau la akiba, apime upepo yakiwa baridi kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva, na ayaondoe yale yaliyoumbwa kwa ajili ya theluji. Mtelezo wa Gusii haumpi dereva nafasi ya kufikiri mara ya pili. Maamuzi yafanywe gari likiwa limesimama.