SILI MPYA YA EKSELI IKIVUJA TENA
Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Nyingine

Wenye magari wengi wamepatwa na jambo hili. Doa jeusi la mafuta limeonekana upande wa ndani wa gurudumu la nyuma. Fundi ameitwa, sili ya ekseli imeondolewa, mpya imetiwa mahali pake, na malipo yametolewa. Haupiti mwezi ila doa lile lile laonekana tena pale pale. Hapo mwenye gari humlaumu fundi, fundi humlaumu mwenye duka, naye mwenye duka husema kwamba mpira wa siku hizi si kama wa zamani. Kisha sili ya tatu hununuliwa, na mambo huwa yale yale.

Neno linalofaa kukumbukwa na wote watatu ni hili: sili mpya ikivuja upesi baada ya kutiwa, aghalabu ubovu si wake. Kuna kitu kingine kilichoiharibu ile ya kwanza, na kitu hicho kikiachwa mahali pake, kitaiharibu ya pili na ya tatu vile vile.

Wala jambo hili si dogo la kuachiwa kitambaa cha kupangusia. Mafuta yanayotoka yanapungua ndani ya difu, ambako hakuna taa ya kumwonya dereva, na gia zikikosa mafuta husagika mpaka zikaanza kulia. Bei ya gia hizo haifanani na bei ya kipete cha mpira. Zaidi ya hayo, katika magari mengi mafuta hayo humwagikia viatu vya breki. Kiatu kilicholowa mafuta hakishiki ngoma yake. Dereva akanyagapo breki, upande mmoja hushika na wa pili huteleza, na gari huenda mrama. Mkulima aliyepakia magunia ya viazi katika pikapu yake na kuteremka barabara ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, hana nafasi ya kujaribu breki mara mbili.

SILI HUFANYAJE KAZI

Sili ni kipete cha chuma kilichovikwa mpira, chenye mdomo mwembamba unaokumbatia chuma cha mviringo kilichomo ndani yake. Nyuma ya mdomo huo mna springi ndogo ya mviringo inayoubana usilegee. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa ngozi iliyoloweshwa mafuta, kwa maana mpira utokao katika utomvu wa mti huvimba na kulainika ukikaa ndani ya mafuta. Katika miaka ya 1930 viwanda vilianza kutumia mpira wa kutengenezwa unaostahimili mafuta, nao ndio ulioenea katika magari.

Mdomo wa sili hugusa chuma kwa upana usiofikia hata milimita moja, nao hupanda juu ya utando wa mafuta mwembamba mno. Kwa hiyo mkwaruzo ambao jicho haliujali, kwa mafuta ni mfereji.

Tena ekseli si za namna moja. Katika pikapu nyingi, kama Toyota Hilux iliyoanza kuuzwa mwaka 1968, shafti yenyewe huchukua uzito wa gurudumu. Sili hukaa mwishoni mwa ganda la ekseli nayo shafti huzunguka ndani yake. Katika nyingi za Land Rover za kale, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, shafti huzungusha tu. Uzito wa gari huchukuliwa na beringi zilizo juu ya bomba la chuma lisilozunguka. Hapo sili hupachikwa ndani ya habu na kuzunguka pamoja na gurudumu, na mdomo wake husugua bangili ya chuma iliyobanwa juu ya bomba hilo. Fundi asiyejua tofauti hii huenda akaitazama shafti kutwa nzima, na kumbe kilichoharibika ni bangili.

KWANZA YAJULIKANE NI MAFUTA GANI

Kabla ya kufungua nati hata moja, yafaa kuhakikisha kwamba mafuta yanayovuja ni ya ekseli kweli. Ndani ya ngoma ya breki huweza kutokea vitu vitatu: mafuta ya gia, mafuta ya breki, na grisi ya beringi iliyoyeyuka kwa joto. Mafuta ya gia ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, nayo hubabua rangi ya gari. Mwenye shaka na atie tone moja katika kopo la maji: mafuta ya gia huelea juu, bali mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji. Sili nyingi zimebadilishwa bure, hali kilichokuwa kikivuja ni silinda ndogo ya breki iliyo juu yake.

YATAZAMWE YASIYOGHARIMU KITU

Likisha kujulikana hilo, na yaanze kutazamwa mambo mawili yasiyohitaji spea yoyote.

La kwanza ni tundu la kupumulia. Juu ya ganda la ekseli, aghalabu karibu na difu, mna kizibo kidogo chenye tundu, au mpira mwembamba unaopanda juu kuelekea bodi. Kazi yake ni kuipitisha hewa. Gari likienda mwendo mrefu, ekseli hupata moto; na hewa iliyopashwa kutoka nyuzi 20 hata nyuzi 80 za Sentigredi hutaka nafasi iliyozidi ya kwanza kwa moja ya tano. Tundu likiwa wazi, hewa hutoka bila madhara. Tundu likiwa limezibwa kwa tope la masika lililokauka, hewa haina njia ila kuyasukuma mafuta yapite chini ya mdomo wa sili, hata sili hiyo iwe mpya namna gani. Gari likiingia mtoni lingali na moto, mambo hugeuka: hewa ya ndani hupoa ghafula na kunywea, na maji hufyonzwa kuingia. Mafuta ya difu yaliyogeuka rangi na kufanana na chai ya maziwa ni alama ya jambo hilo, nayo hapana budi kumwagwa yote na kutiwa mapya.

Tundu husafishwa kwa waya mwembamba na mafuta ya taa, kisha lipulizwe kwa kinywa kupitia kipande cha mpira safi. Ikiwa pumzi haipiti, kizibo na kibadilishwe. Ni kazi ya dakika kumi, nayo ndiyo husahauliwa kuliko zote.

La pili ni kiasi cha mafuta. Watu wengine wakiona mafuta yanavuja huongeza mengi ili yasiishe upesi, na kwa kufanya hivyo huzidisha kuvuja. Kipimo cha kawaida ni tundu la kujazia lililo ubavuni mwa difu: gari likiwa mahali pa tambarare, mafuta na yafike ukingo wa chini wa tundu hilo, basi. Yakizidi, yaachwe yatiririke mpaka yakome yenyewe, ndipo kizibo kifungwe. Gari lililojazwa mafuta likiwa limesimama mlimani huwa limepimwa kwa kipimo cha uongo.

BERINGI NA MFUO

Mambo hayo mawili yakiwa sawa, gurudumu na liinuliwe. Magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa mawe, na gari liwekwe juu ya vigogo imara, kwa kuwa jeki peke yake si kitu cha kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari. Kisha gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza sana au likitoa sauti, beringi imelegea au imekwisha. Mdomo wa sili waweza kuifuata shafti inayotikisika kidogo tu. Ikizidi, hubaki pengo upande mmoja na mafuta hupita. Kutia sili mpya penye beringi mbovu ni kutupa fedha.

Halafu chuma kinachosuguliwa na sili kitazamwe. Kipanguswe kikauke, na ukucha upitishwe juu yake kwa kukata njia ya mdomo wa sili. Ukucha ukikwama, pana mfuo. Watu hustaajabu kwamba mpira laini waweza kuchimba chuma. Lakini si mpira peke yake, ni vumbi na mchanga ulioganda katika mdomo wake na kusaga chuma kwa miaka mingi, kama msasa. Sili mpya ikikaa juu ya mfuo wa zamani haina pa kushikia.

Dawa zake ni tatu. Ikiwa gari ni la namna yenye bangili, bangili mpya na itiwe. Na chini yake patiwe gundi ya kuzuia mafuta, kwa sababu mafuta huweza kupita kati ya bangili na bomba, mtu akadhani ni sili. Ikiwa mfuo uko katika shafti yenyewe, yapatikana mikanda myembamba ya chuma, isiyofika thuluthi moja ya milimita kwa unene, inayovishwa juu ya mahali palipoliwa. Na ikiwa nafasi yaruhusu, sili yaweza kupachikwa ndani zaidi au nje zaidi kwa milimita mbili, ili mdomo wake uguse chuma kisicholika. Jambo la kuepukwa ni kupiga tupa, au kusugua msasa kwa urefu wa shafti. Mistari ya namna hiyo huyaongoza mafuta kutoka nje. Kama ni lazima kusugua kutu nyepesi, msasa laini kabisa utumike kwa kuzungusha tu.

KUPACHIKA KWA UANGALIFU

Yaliyobaki ni ya mkono wa fundi. Kwenye sili nyingi zimepigwa chapa namba tatu, kama 50, 72 na 10: ya kwanza ni upana wa tundu la ndani, ya pili upana wa nje, na ya tatu unene, zote kwa milimita. Namba hizo zilinganishwe na zile za sili ya zamani au za kitabu cha gari, wala isitoshe kwamba zinafanana kwa macho.

Sili ya zamani isitolewe kwa tindo na nyundo, kwa maana mkwaruzo katika tundu inamokaa huyapitisha mafuta kando ya sili mpya. Ile mpya ipakwe mafuta mdomoni. Mdomo mkavu huungua katika mizunguko ya kwanza. Upande wenye springi uelekee kwenye mafuta. Isukumwe sawasawa kwa kipande cha bomba kilicho karibu na upana wake, wala isipigwe nyundo upande mmoja ikaingia mshazari. Shafti inaporudishwa, iinuliwe kwa mikono miwili, uzito wake usilalie sili. Na kama meno yaliyo mwishoni mwake yatapita katika mdomo, yazungushiwe utepe wa gundi ili yasiukate. Mara kwa mara springi ile ndogo huruka wakati wa kupigwa nyundo, nayo haionekani tena baada ya kila kitu kufungwa. Basi itazamwe kabla.

Viatu vya breki vilivyolowa mafuta ya gia visirudishwe. Kuviosha kwa petroli hudanganya macho tu. Vikipata moto, mafuta yaliyomo ndani hutokea tena. Vibadilishwe pande zote mbili, ili breki zishike sawa. Na vumbi la ndani ya ngoma lisipulizwe, bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa viatu vya magari mengi ya zamani vilitiwa asbesto, nayo ni adui wa mapafu.

BAADA YA KAZI

Kila kitu na kisafishwe kikauke kabisa, maana mafuta ya zamani yaliyobaki katika kona yatadhaniwa kuwa uvujaji mpya. Breki zijaribiwe polepole mahali pa wazi. Baada ya mwendo wa kilomita 50 patazamwe, na tena baada ya 500. Tarehe, namba ya sili, na hali ya shafti na beringi ziandikwe katika daftari la gari. Fundi atakayekuja baadaye hatahitaji kubahatisha.

Ikiwa yote yaliyotajwa yametimizwa, na mafuta yangali yakitoka, hapo ndipo sili yenyewe yaweza kushukiwa, na ni haki kuirudisha dukani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini anayeziba ufa bila kuuliza ukuta unapasuliwa na nini, ataziba kila mwaka.