Kindu: Kisima kisichofunikwa ndiyo pisine ya hatari kwa watoto wetu

Ni wakaaji wachache sana wa Kindu wenye pisine nyumbani. Lakini maji yanayoweza kumuua mtoto mdogo yako katika parseli nyingi za mji: kisima kisicho na kifuniko, pipa la maji ya mvua, shimo lililobaki baada ya kufyatua matofali, au beseni lililosahauliwa nyuma ya jiko.

Wazazi wanauogopa mto Lualaba, na wana sababu. Mto huo unagawa mji: komini za Kasuku na Mikelenge ziko ngambo moja, Alunguli ngambo nyingine, na watu wanavuka kila siku kwa mitumbwi. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili mara nyingi hafiki mtoni peke yake. Anafika kisimani.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu 300 000 walikufa kwa kuzama majini mwaka 2021. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Tangu mwaka 2000, kiwango cha vifo hivyo kimeshuka kwa asilimia 38 duniani, lakini Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu.

Anazama bila kelele

Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito kuliko nguvu za mwili wake. Akiinama kuangalia maji ndani ya ndoo, anaangukia kichwa na hawezi kujiinua. Sentimita chache za maji zinatosha kufunika pua na mdomo. Hapigi kelele, kwa sababu hana pumzi ya kupigia kelele. Dakika ambazo mama anageuza ugali au kumhudumia mteja mlangoni zinatosha.

Huko Ufaransa, sheria ya Januari 2003 inamlazimisha mwenye pisine nyumbani kuweka kinga: ua, kifuniko, paa la kufungwa au kengele ya hatari. Ua unapaswa kufika angalau mita 1,10. Kisima cha Kindu kinahitaji kinga hiyohiyo, na vifaa vyake vinapatikana hapahapa.

Kifuniko, ukuta, ua

Jenga ukuta wa matofali kuzunguka mdomo wa kisima, ufike kiunoni mwa mtu mzima. Weka kifuniko cha mbao nzito chenye kufuli, na usiache jiwe au bidoni karibu ambalo mtoto atalipanda. Manjanja yaliyozeeka yakilazwa tu juu ya shimo ni mtego: mtoto anayakanyaga, yanapinda, naye anazama. Ni vilevile kwa shimo la choo.

Katika parseli yenye wapangaji wengi, kila mmoja anadhani mwenzake amefunga. Mkubaliane sheria moja: anayechota ndiye anayefunga. Ndoo na beseni zimwagwe na kugeuzwa mara kazi inapokwisha. Shimo la matofali lifukiwe, na kama kazi inaendelea, lizungushiwe ua wa miti. Mabwawa ya samaki na madimbwi ya kulowekea mihogo yanahitaji ua huo pia.

Nani anamwangalia mtoto?

Mara nyingi mama akienda shambani au sokoni, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, ambaye naye ni mtoto. Huko Bangladesh, vijiji viliweka nyumba ambapo mama mmoja aliyefundishwa anawaangalia watoto wa mwaka 1 hadi 5 kuanzia asubuhi hadi mchana, na vifo vya kuzama vilipungua sana. Akina mama wa avenyu moja wanaweza kupeana zamu kwa namna hiyo. Anayeshika zamu hafui, hapiki, haongei kwenye simu.

Mtoto akianguka

Usishuke kisimani bila kamba na watu wa kukuvuta. Hewa ya chini inaweza kukuua wewe pia. Kwenye mto au bwawa, nyoosha mti, tupa kamba au bidoni tupu iliyofungwa vizuri.

Ukimtoa, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, pumzi 2, na uendelee hivyo huku wengine wakitafuta moto wa kwenda hospitali. Hata akizinduka, lazima muganga amuone, kwa sababu mapafu yanaweza kuleta matatizo saa kadhaa baadaye.

Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Kwetu siku hiyo inaangukia katika likizo kubwa, wakati watoto wako nyumbani mchana kutwa. Mashefu wa kartie na wenye parseli wasingojee siku hiyo. Jioni ya leo, kabla ya giza, kila mtu azunguke nyumba yake na kuhesabu mashimo yaliyo wazi.