RNA ndogo za bakteria na vita dhidi ya mnyauko wa migomba Ngara na Biharamulo

Ute wa njano unaochuruzika kwenye shina la mgomba ulionyauka, likikatwa, umejaa bakteria aina ya Xanthomonas. Kimelea hiki kiliripotiwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968, kwenye ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Mwaka 2001 kilibainika Uganda, na miaka michache baadaye kikaingia mkoani Kagera, ambako ndizi ni chakula kikuu cha kaya nyingi. Hadi sasa mgomba ulioambukizwa hauna dawa.

Bakteria huyo huishi katika mazingira yanayotofautiana sana: utomvu wa ua, makali ya panga, mishipa ya shina. Kila anapohama hulazimika kuwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine. Miongoni mwa nyenzo za bakteria kwa kazi hiyo ni RNA ndogo, vipande vifupi ambavyo kwa kawaida havitengenezi protini. Hujibandika kwenye RNA inayobeba maagizo ya jeni, vikazuia au kuruhusu agizo lisomwe. Ni njia ya haraka na isiyo na gharama kubwa kwa kiumbe cha seli moja. Mfano wa awali, MicF, ulielezwa mwaka 1984 katika bakteria wa utumbo, E. coli.

RNA hizi hubadilika haraka kuliko jeni nyingi za protini. Kwa kuwa hushikana na shabaha kwa herufi chache tu, badiliko dogo laweza kuipa RNA shabaha mpya. Ndiyo maana hata bakteria wa ukoo mmoja huweza kutofautiana. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa Xanthomonas wa pilipili hoho, akiondolewa RNA iitwayo sX13, hudhoofika katika kuugua mmea. Lakini matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye migomba bila kupimwa upya.

Wakati utafiti ukiendelea, shambani kinga ni ileile. Tumba la ua huondolewa mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, kwa sababu wadudu huacha bakteria kwenye makovu yake. Panga huunguzwa motoni au kusafishwa kwa Jik kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Shina lililougua hukatwa usawa wa ardhi. Machipukizi mengine ya shina hilo huweza kubaki salama, kwani bakteria hasambai daima kote. Miche kutoka shamba lenye ugonjwa haihamishwi, na dalili za kwanza huripotiwa kwa afisa ugani wa kata.