Mshahara wa kwanza Ganda: kila mwenye haki apewe fungu lake mapema

Kijana wa Ganda, karibu na Malindi, anapohitimu Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, digrii ile ni ya wengi. Yuko baba aliyeuza mbuzi, shangazi aliyetoa pesa zake zote za mchezo, ule upatu wa kina mama, zikaenda kwenye karo, na majirani waliochanga harambee siku basari ilipochelewa. Kwa hivyo mshahara wa kwanza ukiingia, simu hailali. Huyu ana mtoto kafukuzwa kwa karo, yule ana matanga, na mwingine anataka tu ya unga.

Washauri wengi wa mambo ya fedha humwambia mhitimu ajifunze kukataa. Huku kwetu ushauri huo haumfai mtu. Waliokusomesha huwezi kuwafungia mlango, wala haipendezi kuwafungia. Unaloweza ni kuwapa kwa mpango, na mpango wenyewe uanze kwa kusema ukweli wa mapato yako.

Tuchukue walimu wanagenzi. Serikali ilipowaajiri kwa maelfu mwaka 2023 kufundisha Sekondari Msingi, malipo yao yaliwekwa Sh20,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya sasa, mshahara wa kiasi hicho unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, yaani Sh550, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, Sh300, na asilimia 6 ya akiba ya uzeeni ya NSSF, Sh1,200. Kodi ya mapato haimfikii kwa sababu ya nafuu ya Sh2,400 ambayo kila mlipa kodi hupewa kwa mwezi. Zinabaki Sh17,950. Lakini nyumbani habari hiyo hawana. Wanachojua ni kwamba mtoto ameandikwa kazi na serikali, na wako wanaodhani anabeba hamsini elfu.

Basi chukua hati yako ya mshahara, keti na wazee jioni moja, uisome mstari kwa mstari. Kisha useme: “Mama, kila mwisho wa mwezi nitaleta elfu nne za nyumbani. Karo ya mdogo wangu nitalipa nusu kila muhula. Matanga na magonjwa nimeyawekea elfu moja kwa mwezi. Ikiisha, tutangoja mwezi mwingine.” Mzazi aliyeonyeshwa hesabu huwa mtetezi wako. Shangazi akipiga simu, mama ndiye atakayemweleza.

Deni la HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, nalo liwe na fungu lake tangu mwanzo. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu miaka ya 1970, wengi wakakosa kurudisha, ndipo bodi hiyo ikaundwa kwa sheria mwaka 1995. Riba yake kwa masomo ya digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Anayekopa Sh200,000 anatozwa riba ya takriban Sh8,000 mwaka wa kwanza. Akinyamaza, faini ni Sh5,000 kwa kila mwezi asiolipa: Sh60,000 kwa mwaka, karibu theluthi ya mkopo wenyewe. Kama bado uko kijiweni unatafuta kazi, usijifiche. Wasiliana nao kabla muda haujafika, muelewane jinsi ya kulipa. Tena pesa unazorudisha ndizo anazokopeshwa mdogo wako akiingia chuoni.

Wengi wanaogopa HELB, lakini mikopo ya simu wanaizoea. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza mwaka 2019, ina ada ya kuanzia na ada ya kila siku juu yake. Mshahara ukiingia kwenye M-Pesa, deni linakatwa kabla hujagusa chochote. Unabaki na upungufu, unafuliza tena, na mwezi unaofuata unaanza ukiwa nyuma. Hazina ya Hustler ya serikali, iliyozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wa mtu binafsi unatakiwa urudi ndani ya siku 14. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mikopo hiyo isiwe ya kununulia viatu wala ya kufurahisha marafiki.

Akiba nayo itengwe siku ya mshahara, maana ukingoja mwisho wa mwezi hutaikuta. Kilifi ina Imarika, sacco iliyoanzishwa na walimu wa kaunti hii. Faida kubwa ya sacco ni kwamba akiba yako inakufungulia mkopo, mara nyingi hadi mara tatu ya ulichoweka, na kwa riba nafuu. Elfu mbili kwa mwezi ni Sh24,000 kwa mwaka, msingi wa kutosha kuanza mradi mdogo wa kuku au tikiti maji. Mchezo wa kina mama pia ni mzuri, ila uchezwe na watu unaowajua.

Kwa aliyepata kazi katika hoteli za Malindi, hesabu ifuate msimu. Wageni wakijaa Desemba, pesa huwa nyingi. Masika yakifika, hoteli kadhaa hufunga na vibarua hurudi nyumbani. Anayetumia mapato ya Desemba kana kwamba Mei haipo, Mei itamkuta akikopa. Na kama kazi iko mjini, kaa Ganda mwaka huo wa kwanza. Kodi ya chumba utakayoiepuka ndiyo itakayolipa HELB.

Jamii iliyochanga kukusomesha haikutaka urudi na deni jipya kila mwezi. Ilitaka mtu atakayesimama, akavuta wengine. Atakayesimama ni yule anayejua anapata ngapi, anadaiwa ngapi na anatoa ngapi, na ambaye watu wa nyumbani kwake pia wanajua.